Ufa wa Lipu

Katika ukoo wetu kila mtu ana jina la utani, na wengi wamelipata kwa haki. Binamu yangu anayesinzia kwenye kila harusi anaitwa Mto. Mjomba ambaye hajawahi kuacha kitu kwenye sahani anaitwa Fagio, na mwenyewe anaitika. Mimi naitwa Ufa. Watoto wa kaka yangu wananiita Shangazi Ufa, na yule wa kwanza alifika darasa la pili kabla hajagundua kwamba nina jina jingine. Hilo langu sikulipata kwa haki, na ndiyo sababu nasimulia. Sauti ikipanda mtanivumilia, maana nimeishusha kwa miaka tisa.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Mshona mapazia huingia kwenye nyumba za watu kuliko hata daktari. Anapanda ngazi, anapima madirisha, anasikia ugomvi wa chumba cha pili, anaona nyumba inapoficha uchafu wake. Nikiwa bado msichana nilishajua kwamba watu hununua nyumba kwa macho. Nyumba imara yenye jiko lililojaa masizi na mlango wa choo usiofunga itakaa sokoni mpaka mwenyewe akate tamaa, wakati kibanda cha ovyo kikipigwa rangi nzuri kinagombaniwa. Nikajiambia, basi mimi nitanunua ile isiyotakiwa, niitengeneze, niiuze, kisha ninunue nyingine.

Nikanunua. Ilikuwa ya wazee wawili, mke na mume, waliokuwa wanahamia kwa mtoto wao. Dari ilikuwa imelegea kama tumbo la ng'ombe mzee, sakafu ya sebule ilikuwa na mabaka, na jikoni ulikuwa unapapasa hata saa sita mchana. Nilibadilisha dari, nikaweka vigae vya rangi ya mchanga, nikapiga rangi, nikaweka mlango wa choo unaofunga kwa kidole kimoja. Mapazia nilishona mwenyewe. Wanunuzi walipoanza kuulizia, juu ya dirisha la sebule ukatokea ufa, urefu wake kama kiganja. Fundi umeme alikuwa amechimba ukuta kupitisha bomba la waya, akaziba harakaharaka kwa lipu, na rangi ikapigwa kabla lipu haijakauka. Ilipokauka ikapasuka. Basi, ni hilo tu, na fundi yeyote mwenye mwiko na ndoo ya saruji angelimaliza.

Sasa anaingia kaka yangu. Niseme ukweli wake wote, nisije nikaonekana namsingizia. Baba alipofariki, kaka aliacha masomo akaenda kubeba mizigo bohari ili mimi na mdogo wangu tusome. Kwa hiyo kwetu akisema kaka, kimesemwa. Na kwetu kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi: mwanamke anaweza kujadili bei ya nyanya mpaka muuzaji alie, lakini bei ya nyumba inazungumzwa na mwanaume. Nilinunua nyumba ile kwa mdomo wangu kwa sababu wazee wale walikuwa wateja wangu wa mapazia. Lakini ilipofika kuuza, kaka akasema, "Hapo niachie mimi. Wakikuona msichana watakula nyama wakuachie mifupa." Nikamwachia.

Mnunuzi sikumwona hata siku moja. Kaka ndiye aliyempeleka kuiona, kaka ndiye aliyekaa naye. Jioni moja akarudi nyumbani amekunja uso, akakaa bila kuvua kofia. "Mdogo wangu, pole," akasema. "Amekuja na injinia. Ule ufa sio wa juujuu. Msingi unazama."

Nilihisi kama na mimi nazama. Kesho yake nilikwenda na futi yangu, nikapima dirisha lile pembe kwa pembe, huku na huku. Dirisha la nyumba inayozama hupinda, hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye nyumba za bondeni, ambako pazia likining'inia linaonekana limelewa. Pembe za dirisha langu zililingana. Nikamweleza kaka. Akacheka, akanipapasa kichwa kama mtoto. "Nyumba haipimwi kwa futi ya mapazia," akasema. "Huyu bwana yuko tayari kuichukua hivyohivyo. Akiondoka, nani mwingine atanunua kaburi?"

Karatasi zikaletwa, nikatia saini juu ya meza yetu ya chakula. Nilipata pungufu ya nilichotumia. Kila nilichokuwa nimeshona tangu nimalize shule kilikwenda na maji.

Hilo ningelimeza. Biashara ina kupata na kukosa. Kilichonikaa kooni ni kilichofuata. Kaka yangu ana kipaji cha kuongea. Kwenye ukoo wetu hakuna shughuli inayofungwa kabla hajasimama na glasi yake mkononi, na tangu siku ile akapata hadithi asiyoichoka. "Ndugu wapendwa," angeanza, "tunaye dada yetu hapa, alinunua nyumba akaipaka poda usoni, kumbe miguu haipo!" Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Harusi ya binamu, mahafali ya mpwa, hata kwenye msiba mmoja, nakumbuka, watu walipokuwa wamechoka kulia, akaitoa ili kuwachangamsha. Mwishoni alikuwa anaweka na fundisho: mwanamke na nyumba ni kuishi, mambo ya kununua na kuuza awaachie wenyewe. Nami nilikuwa nacheka pamoja nao. Ukiwa wewe ndiye kichekesho halafu unune, unachekwa mara mbili.

Sikuacha kushona, wala sikuacha kuangalia nyumba. Miaka yote hiyo, nikienda kupima madirisha nilikuwa nauliza: paa hili limeezekwa lini, maji ya mvua yanaelekea wapi, hapa palifukiwa kifusi au ni ardhi yenyewe? Mafundi walinizoea. Wakichimba msingi mahali, wananiita nikaone. Mwaka huu nikasema sasa nimeiva. Nilikuwa na nusu ya nilichohitaji. Nusu nyingine alikuwa nayo mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, mwanamke makini ambaye hata chumvi anaipima kwa kijiko. Nilimweleza mpango wangu mara tatu, akauliza maswali, akaniletea jibu mwenyewe dukani: tuko pamoja.

Wiki moja baadaye akaja tena, akasimama mlangoni akichezea pindo la kitambaa cha mteja. Nikajua.

"Dada, naona tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

"Kaka amenipigia."

"Amesemaje?"

Akaangalia chini. "Amesema hana ubaya na wewe. Ila kama nataka kutupa jasho langu, nitupe mtoni, angalau samaki watafaidi."

Niliweka mkasi mezani taratibu, maana niliogopa nitakachofanya nao. "Na wewe ukacheka?"

"Kidogo," akasema. Mdogo wangu hajui kudanganya.

Niliwaka. Nilimwambia kwamba mtu ukianguka mara moja barabarani hukatazwi kutembea, kwamba kaka mwenyewe alifungua duka la vipuri likafa na hakuna anayemwita Kipuri, kwamba kama hanitaki aniambie kwa mdomo wake, asiniletee wa mtu mwingine. Mteja aliyekuwa anasubiri shuka zake akaona ni busara kwenda kusubiri nje. Mwisho mdogo wangu akasema, ili kuninyamazisha tu, "Sawa, tukaone nyumba moja. Kuona hakuna hasara. Nikiiona na moyo ukikataa, usinilaumu."

Kwa hiyo yote yalikuwa juu ya nyumba moja. Akikataa, mimi na biashara hii ndiyo basi, maana peke yangu nisingefika, na nusu ile ningeendelea kuitazama mpaka nizeeke, nikiitwa Ufa.

Nikamtafuta dalali. Tulikuwa tunamwita Chapuchapu, kwa sababu kila nyumba aliyonayo lazima uichukue leo kabla ya saa kumi. "Dada zangu, leo nawapeleka mahali, mtanikumbuka kwenye sala," akasema, akatangulia kwa mwendo wake wa kukimbia bila kukimbia. Tukakata kona kwenye duka la dawa, tukapita karakana ya kuchomelea mageti, na hapo miguu yangu ikaanza kuelewa kabla ya kichwa. Ulikuwa mtaa wa nyumba yangu ile. Geti lilikuwa limepakwa kijani na mti wa kivuli ulikuwa umekatwa, lakini nyumba aliyosimama mbele yake Chapuchapu, mkono mmoja kiunoni, ilikuwa nyumba yangu.

Mdogo wangu hakuitambua. Wakati ule alikuwa bweni, chuo cha uuguzi, mbali, aliiona kwenye picha tu. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Hii ndiyo ile." Akatoa macho. "Ile iliyozama?" Nikamwambia anyamaze, tuingie, tusikie.

Mwenye nyumba alitupokea mlangoni, mtu mzima mnene mwenye miwani ya dhahabu na kandambili, amechangamka kama mwenyeji wa karamu. "Karibuni, karibuni. Msivue viatu, vigae hivi havishiki uchafu. Siku hizi hampati vigae vya namna hii." Vigae nilivichagua mimi, nikavibeba na mkokoteni. "Dari hii mnaiona? Haina hata doa." Dari yangu. Akafungua mlango wa choo akaufunga kwa kidole, akatuangalia kama aliyetoa njiwa kwenye kofia. Sebuleni nikainua macho juu ya dirisha. Ukuta ulikuwa laini kama mgongo wa sahani. Nilitoa futi mkobani, nikapima pembe kwa pembe. Zililingana kama zilivyolingana siku ile.

"Dada ni fundi?" akauliza.

"Nashona mapazia. Na msingi wake je?"

"Msingi? Mama yangu!" Akakanyaga sakafu kwa kandambili. "Hapa chini ni mwamba. Miaka yote hii haijasogea hata unywele."

"Haijawahi kupata nyufa?"

Hapo akacheka. Alicheka kwa raha ya mtu ambaye ana hadithi nzuri na amepata wasikilizaji. Akavuta kiti, akakaa. "Niwaambie, kwa kuwa nyie ni watu wa biashara. Mimi nilipoikuta, hapo juu ya dirisha palikuwa na kaufa. Ka lipu tu, fundi umeme aliharibu. Nyumba ilikuwa ya kabinti fulani, kalijitahidi kweli, kalikuwa kameitengeneza vizuri, lakini bei yake ilikuwa ya haki mno. Sasa mimi bei ya haki ya nini? Kakake ndiye aliyekuwa anaongea. Nikamwangalia nikaona huyu ni mtu mwelewa. Nikamwambia, bwana, wewe mpelekee dada yako habari kwamba msingi unazama, mimi nitakukumbuka. Injinia hakuwepo, hata fundi sikuja naye!" Akajipiga paja. "Na nilimkumbuka. Nilikuwa na gari langu la zamani, lile la bluu, nikamwachia na funguo zake."

Chapuchapu alikuwa ameshaanza kucheka kwa adabu ya udalali, kisha akaniona uso akaacha katikati.

Gari la bluu. Mdogo wangu alinishika kiwiko akakibana. Gari lile kaka alilileta nyumbani mwezi uleule, akasema mwajiri wake amempunguzia kwa uaminifu wake. Tulilipigia vigelegele. Mama, Mungu amrehemu, alilaza mkono juu ya boneti akaliombea. Nilishona vifuniko vya viti vyake mimi mwenyewe, bure, kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya nyumba ile.

"Yule binti," nikasema, "ni mimi."

Hakuelewa mara moja. Kisha miwani ikashuka puani. "Aah," akasema. "Aah. Dada yangu. Pole. Lakini si unajua, biashara ni biashara."

"Hapana, sijui. Nifundishe. Kumdanganya mtu nyumba yake inazama wakati umesimama juu ya mwamba, hiyo inauzwa kwa kilo au kwa mita?"

"Mimi sikukudanganya wewe. Mimi hata sikukuona! Aliyekudanganya ni wa tumbo moja na wewe." Na jamani, hapo alikuwa na haki, ndiyo maana iliniuma zaidi. Akajifuta jasho. "Tusigombane. Nitakupunguzia. Kwa ajili ya hayo yaliyopita, nakupunguzia vizuri."

Akataja bei. Hata baada ya kupunguza ilikuwa bei ya nyumba ambayo haina kitu cha kutengenezwa. Mtu anayenunua ili akae angeilipa bila kusita. Mimi nanunua ili nitengeneze niuze, na pale hapakuwa na cha kutengeneza, kwa sababu nilishakitengeneza. Moyo wangu wote uliitaka. Ningeweza kuilipa kwa hasira tu, nikafilisika kwa heshima. Nikarudisha futi mkobani. "Siwezi kununua nyumba yangu mara mbili," nikamwambia, nikatoka.

Nje ya geti la kijani mdogo wangu alinikumbatia huku analia. "Dada nisamehe. Tununue. Hii au nyingine yoyote unayotaka wewe, niko na wewe. Nakuamini."

Mngefikiri ningefurahi. Nilimtoa mikononi. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Unaniamini tangu lini? Asubuhi hukuniamini. Nimekueleza miaka, nimekueleza habari ya pembe za dirisha, ukanisikiliza kama mgonjwa mwenye homa. Leo mwanaume mwenye kandambili, tapeli, mtu usiyemjua hata jina, kasema msingi ni mzima, basi na mimi nimekuwa mzima?"

Chapuchapu alijitia anasoma tangazo kwenye ukuta wa karakana. Tulitembea mpaka kwenye kona, mdogo wangu nyuma yangu, akivuta pumzi za kilio. Kwenye duka la dawa akanifikia. "Umesema kweli," akasema. "Sina la kujitetea. Lakini twende kwa kaka, na leo nitangulie kuongea mimi."

Tulimkuta sebuleni, miguu juu ya kijimeza, anaangalia mpira. Wifi alikuwa jikoni, mlango wazi. Mdogo wangu hakukaa. "Kaka," akasema, "lile gari la bluu ulipewa na nani?"

Alipunguza sauti ya televisheni. Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema tumepotoshwa. Tulipomtajia miwani ya dhahabu akasema mambo ni ya zamani. Kisha akasema, "Nilikuwa nakulinda. Ulikuwa mtoto. Usingemwuzia huyu, mwingine angekula vyote."

"Kwa hiyo ukaamua unile wewe kwanza, kabla sijaliwa na mgeni."

"Angalia unavyoongea na mimi!" Akasimama. "Mimi nilibeba magunia mgongoni ili nyie mvae sare! Nani aliwahi kunilipa? Nani aliwahi hata kuuliza kaka, mgongo unauma? Gari moja kuukuu, miaka ile yote, ndiyo mnaniletea kesi?"

Hilo la mgongo lilikuwa kweli, na hatukuwahi kuuliza. Lakini ukweli wake haukufuta wangu. "Ungeniomba," nikasema. "Ungesema dada, nimechoka, na mimi nataka kitu. Ningekupa nyumba nzima na funguo, na ningekushonea mapazia. Ulikuwa huna haja ya kuniibia. Na ulipokwisha kuniibia, kwa nini ukanifanya kichekesho? Hicho ulilipwa na nani?"

Akakaa, akajishika uso. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Basi, nimekosa. Nisameheni. Ila haya ni ya ndani, yaishie humuhumu ndani." Akavuta pumzi, akaanza kurudi kwenye ukaka wake. "Na kama mnaitaka ile nyumba, niachieni nikazungumze naye. Ananifahamu."

Naapa alisema hivyo. Mdogo wangu alicheka kwa mshangao mpaka akaegemea ukuta.

"Yaishie ndani?" nikasema. "Ulinizika hadharani, na kipaza sauti mkononi. Utanifukua hapohapo uliponizika, mbele ya watu walewale. Jumapili ijayo kwa shangazi, ukoo wote upo. Utasimama kama kawaida yako."

"Siwezi. Nitaweka wapi uso?"

Wifi akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa hajapandisha sauti tangu aolewe, na hata siku hiyo hakuipandisha. "Siku ya harusi yangu nilibebwa na gari lile," akasema. "Nilikaa kiti cha nyuma na wifi yangu akanishikia shela. Utasema, baba watoto. Ukisema wewe itaitwa kukiri. Nikisema mimi utaitwa umbea, na nitausema kwa kila mtu mpaka sokoni." Akarudi jikoni.

Kabla ya Jumapili hiyo kufika, mimi na mdogo wangu tulishanunua. Chapuchapu alitupeleka nyuma ya soko, kwenye nyumba ndogo yenye paa lililotoboka na ukuta wa uani uliomea kijani kwa maji. Mdogo wangu aliangalia mashimo ya paa akameza mate, lakini hakusema tusubiri. Nilipanda darini, nikagonga boriti moja moja. Nikachimba kando ya msingi kwa jembe la jirani. Bei niliizungumza mwenyewe, na muuzaji alipouliza kama kuna mwanaume wa kumalizana naye, mdogo wangu akamwambia yuko, yuko nyumbani anaandaa hotuba.

Jumapili ikafika. Uani kwa shangazi kulikuwa na viti vya kukodi na masufuria yaliyofunikwa. Shangazi yetu huyu ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na haruhusu mtu kugusa chakula kabla ya maneno. Kaka aliitwa kusema. Alisimama na glasi, kwa mazoea. "Ndugu wapendwa," akaanza, "mnajua tunaye dada yetu, alinunua nyumba..." Na wakaanza kucheka! Hata hajafika popote, walicheka kama mtu anavyopiga miayo akiona mwenzake kapiga. Mjomba Fagio alishaanza kujifuta machozi. Ilibidi kaka ainue mkono. Akasema nyumba haikuwa inazama. Akasema alijua. Akasema na gari. Alisema vibaya, kwa kukwama, yule bwana wa maneno, na kila sentensi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Alipomaliza, mifuniko ya masufuria ilisikika ikitetemeka kwa mvuke.

Nilidhani nimefika. Nilidhani sasa watanigeukia, mmoja wao atasema, binti, tumekukosea, tulikucheka miaka yote. Badala yake mzee mmoja nyuma akasema, "Huyo ndiye mwanaume." Akapiga makofi. Mwingine akaunga. "Kukiri si kazi ndogo!" Makofi yakaenea. Binamu Mto, aliyekuwa macho kwa mara ya kwanza, alikwenda kumshika bega. Walimzunguka kaka yangu wakimpa pole kwa mzigo aliokuwa ameubeba peke yake muda wote huo, maskini. Alianza kutoa machozi, na machozi yake yakawazidishia huruma. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na kikombe changu. Hakuna aliyeniangalia mpaka shangazi alipogonga meza.

"Haya, mwanangu," akaniambia. "Kaka yako ameshanyenyekea. Inuka umpe mkono, useme yamekwisha, watu waanze kula. Chakula kinapoa."

Kaka akanyoosha mkono. Watu wote sasa wakanigeukia, nyuso zimeshalainika, wanasubiri utamu wa mwisho. Niliinuka. Nikaweka kikombe chini.

"Kaka amesema dakika mbili," nikasema. "Amenicheka miaka tisa, na nyie mlikuwa mnamwitikia. Leo amesema kweli mara moja mkampigia makofi. Mimi sijamsamehe, shangazi. Labda nitamsamehe, ni kaka yangu, alinisomesha. Lakini siku nitaipanga mwenyewe, na bei nitaisema mwenyewe. Nyie kuleni."

"Mwanangu, haifanyiki hivyo," shangazi akasema.

"Leo imefanyika."

Nikakaa. Mkono wa kaka ulikuwa bado umenyooka hewani, hajui aurudishe au auache. Hakuna aliyegusa sufuria. Mdogo wangu akavuta kiti chake, akaja akakaa kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia, kama fundi wa paa anaanza kesho au keshokutwa.